Nimemsingizia Mume Wangu Kukoroma

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena naomba sana barua yangu itoke wiki hii hii kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi mume wangu anakwenda kukatwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kwa kosa ambalo si lake, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo, na kila nikikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze, maana mtu akiniuliza ni kwa nini nilimfanyia hivyo sina la kusema ila aibu, aibu tupu.

Mimi ni mpambaji wa maharusi, nina saluni yangu ndogo, viti vitatu na vioo ukuta mzima, na kwa miaka mingi nimewapamba mabinti wa watu huku nikiwafundisha yale niliyofundishwa na mama aliyenipa kazi hii, kwamba mke anaamka kabla ya mumewe, ananawa, anajipaka taratibu, anarudi kitandani na kulala kama vile ameamka hivyo hivyo, na mume asijue kamwe uso wako wa asubuhi ukoje. Mabinti hucheka, lakini wanashika, na mimi nilipoolewa mara ya pili baada ya kufiwa, na mwanamume mpole, fundi bomba, naye amefiwa na mkewe, nilishika mafunzo hayo kuliko mwanafunzi wangu yeyote, mpaka leo mume wangu hajauona uso wangu bila poda, na si kwamba nina kovu wala nini, ni woga tu, basi.

Sasa mshauri, tatizo langu ni kwamba nakoroma. Haya, nimeandika. Dada yangu alikuwa akinitania tangu tukiwa wadogo kwamba nikilala nawasha mashine ya kusaga, tukawa tunacheka, lakini miaka hii mambo yamezidi, naamka kichwa kinaniuma, kinywa kikavu, na mchana nasinzia nikiwa nimesimama, mpaka siku moja nampaka bibi harusi wanja, jicho la kushoto limetoka zuri ajabu, nafika la kulia usingizi ukanipitia na kalamu ikiwa mkononi, mstari ukateremka hadi shavuni, binti wa watu amefumba macho hajui lolote, mama yake ndiye aliyeona akaniuliza, "Dada, umelala?" nami nikamjibu, "Hapana mama, ni mtindo mpya," mtindo mpya wa wapi jamani, nikaufuta ule mstari haraka haraka.

Dada yangu alipoyasikia hayo hakucheka, akanishika mkono hadi hospitali, nikalazwa nipimwe nimefungwa nyaya kichwani na kifuani, nikaambiwa kwamba nikilala koo langu linajifunga na pumzi inakatika, narudi kupumua, inakatika tena, hivyo hivyo hadi kunakucha, na kwamba nikiliacha tatizo hili litanipandishia presha na kuuharibu moyo. Nikapewa mashine. Ni kiboksi kinachokaa pembeni ya kitanda, kina mpira mrefu, na mwisho wa mpira kuna barakoa ya kufunika pua yenye mikanda ya kuzunguka kichwa, inasukuma hewa ili koo lisijifunge. Muuguzi akanivalisha mbele ya kioo, na mimi maisha yangu yote ni vioo, lakini nilichokiona siku ile kilinitoa machozi, nikajisemea, huyu mume wangu hatamwona, hata iweje.

Nikaificha kwenye sanduku langu la vipodozi, nikahamia kulala chumba kidogo tunakotundika magauni ya kukodisha. Mume wangu alipouliza kulikoni, mdomo ukanitoka kabla sijafikiri, nikamwambia, "Mwenzangu, unakoroma mno, silali." Akashangaa, akasema, "Tangu lini? Marehemu hakuwahi kuniambia." Na mimi, mshauri, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Labda alikuwa anakuonea haya tu." Akaangalia chini, halafu akaniomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi. Na mume wangu hakoromi hata kidogo, analala kama mtoto mchanga.

Tangu hapo mtu wa watu hana raha. Anafunga mto mgongoni ili asilale chali, ameacha kula jioni, amekataa kazi nzuri ya jengo la mbali kwa kuwa mafundi wanalala chumba kimoja, akasema hawezi kuwanyima wenzake usingizi. Wifi yangu akapata habari, na yule mdomo wake hauna breki, tukiwa wote mezani kwake siku ya mapumziko akamwita kaka yake Trekta, watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, meno yote nje, na mume wangu akatabasamu akaendelea kukata nyama yake taratibu.

Sasa mwenzake wa kazini amemwambia kuna mtu anakata vimeo nyumbani kwake na kukoroma kunaisha kabisa, amekubaliana naye aende Jumamosi asubuhi, na alikuja kunieleza kwa furaha, "Vumilia kidogo, mke wangu, Jumapili utarudi kulala kwako." Nikamwambia asiende, ni hatari, akanijibu kwamba amechoka kuwa mtu wa kumfukuza mkewe kitandani. Nilikwenda kukaa bafuni nikafungua maji ili asinisikie nikilia.

Na kwa kuniadhibu zaidi mashine yenyewe hainisaidii, inapiga mluzi pembeni, inanipuliza machoni, barakoa inateleza hadi shavuni, nikikaza mikanda inaniachia alama ambazo asubuhi nazifunika kwa poda nyingine juu ya ile niliyolala nayo, maana nalala nimejipaka kabisa, asije mume wangu akafungua mlango ghafla. Mara nyingi naivua kabla ya nusu ya usiku, mchana nasinzia kama zamani. Nafikiria niirudishe hospitali tu.

Ninachokuuliza, mshauri, ni hiki: naweza kumzuia asiende Jumamosi bila kumwambia ukweli? Nilifikiri nirudi chumbani kwetu usiku mmoja, nijikaze nisilale, halafu asubuhi nimwambie ameacha kukoroma, amepona. Naomba usiniambie nimwoneshe ile mashine. Afadhali ajue mimi ni mwongo wa jambo lingine lolote kuliko anione na mpira puani. Jina langu usiliweke, wateja wangu husoma ukurasa wako kwa sauti hapa saluni.

Mimi, Mpambaji

MSHAURI ANAJIBU

Mpambaji,

Hapana. Nimelitanguliza jibu ili usije ukapata mteja ukaishia katikati. Huwezi kumzuia bila kumwambia, na hiyo hila yako ya kumwambia eti amepona nimeisoma mara mbili nikavua miwani. Mtu hana ugonjwa, unampa ugonjwa, halafu unamponya, na huenda akakushukuru juu yake. Hebu jihurumie hata wewe mwenyewe.

Tuanze na pole, kwa sababu unastahili. Ulichonacho ni ugonjwa, si ukosefu wa adabu wala si uchafu. Koo linalegea usingizini, hewa inakosa njia, mwili unashtuka kujiokoa, na wewe unaamka umechoka kama mtu aliyebeba mizigo, kumbe ulikuwa kitandani. Hukujiletea. Wanawake wengi wanao ugonjwa huu na wamenyamaza kama wewe, kwa sababu tangu utotoni wameambiwa kukoroma ni kwa wanaume. Wanawake wanakoroma. Mimi nakoroma, na mume wangu yu hai.

Pole imeishia hapo.

Ulichomfanyia fundi wako ni kibaya, na kibaya zaidi ni kile cha marehemu. Kumwambia kwamba anakoroma ni uongo mmoja. Lakini ulipomwambia kwamba mkewe wa kwanza alikuwa anamwonea haya, uliingia kwenye ndoa isiyokuwa yako ukamharibia kumbukumbu zake, na yule mama hawezi kuja kujitetea. Hilo usilichanganye na mengine. Liombee msamaha peke yake, kwa sentensi yake.

Na kimeo. Naomba wasomaji wote wanisikie hapa, si wewe tu. Kimeo hakikatwi sebuleni kwa mtu. Watu wamevuja damu ikakataa kukoma, makoo yakaoza kwa vidonda, na huyo mkataji hana daktari wa kumwita wala dawa ya kukupa. Tena hata kwa mkoromaji wa kweli si tiba ya kukimbilia bila kupimwa na daktari. Mumeo hana hata hicho cha kutibiwa. Anakwenda kutoa nyama ya mwili wake akiwa mzima, ili wewe usionekane umevaa barakoa. Ukiliandika hivyo kwenye kioo chako cha saluni, utaweza kulitazama?

Sasa tuje kwenye mashine, kwa sababu hapo ndipo uliponishangaza. Wewe ni fundi wa nyuso. Binti akija na uso umejaa mafuta ukataka kumbandikia kope, unabandika juu ya mafuta? Si unamfuta kwanza? Basi barakoa ni hivyo hivyo. Inataka ngozi tupu. Unalala na losheni, poda na rangi ya mdomo, halafu unashangaa inateleza. Hewa inatoka pembeni, ndio huo mluzi, ndio huo upepo wa machoni, na ndiyo maana hupati nafuu. Nilimpigia muuguzi mmoja ninayemfahamu nisije nikakudanganya, akaniambia watu wa namna yako anawaona, wanaorudisha mashine nzima kwa sababu ya krimu. Usiirudishe. Rudi nayo hospitali uwaambie unavyolala, wakupimie barakoa ya ukubwa wako, maana huenda hiyo ni kubwa. Mikanda usiikaze kama unafunga mzigo. Ukiwa nyumbani mchana ivae ukiwa macho, unakunja magauni au unatazama televisheni, uso uizoee, na kila asubuhi ioshe kwa sabuni na maji. Alama za mikanda hufutika zenyewe ukishakunywa chai. Na mpaka utakapoanza kulala vizuri, wanja apake mtu mwingine hapo saluni. Macho ya watu si mahali pa kusinzia.

Unaogopa atakachokiona. Mumeo anashinda chini ya masinki ya watu akizibua mabomba, amekwisha kuona mengi kuliko mpira mmoja safi wa hewa. Lakini nadhani si mpira unaouogopa. Unaogopa kwamba mwanamke aliyemuoa ni ule uso wa poda, na huyu wa chini yake hakuwahi kuchaguliwa. Hilo sijui, wala wewe hujui, kwa sababu hukumpa nafasi ya kuchagua. Ninachokijua ni kwamba mtu yule amekubali kukatwa koo lake ili ulale karibu naye. Mwanamume anayependa poda hafanyi hivyo.

Kwa hiyo leo, si Ijumaa, leo akirudi kazini na kabla hajavua viatu, nawa uso wako kwa sabuni, usijipake chochote, ukakae mbele yake. Mashine uwe nayo mapajani, nje ya sanduku. Mwambie yote. Atakasirika. Ana haki, mwache akasirike, akitaka kwenda kulala kwa dada yake aende, na wewe usitangulie kulia ili abadilike awe mbembelezaji wako. Kulia, kalie bafuni kama ulivyozoea. Akiuliza sababu, usitafute maneno mazuri, mwambie uliona aibu. Kisha nyamaza umsikilize hadi mwisho.

Ukimaliza na yeye kuna wifi. Ulikaa mezani ukacheka, basi mezani ndipo utakaposafishia jina lake, watu wale wale wakiwepo. Usimtume mtu wala usipige simu. Na hao wateja wako wanaosoma ukurasa huu kwa sauti watacheka sana wiki hii, wewe ukiwa umeshika brashi. Ukicheka nao, utakuwa umemcheka tena, na safari hii hutakuwa na pa kujificha mbele yangu.

Unasema huwezi kulitamka. Ni maneno matatu: mimi ndiye ninayekoroma. Funga mlango wa saluni ukitaka, uyaseme sasa hivi kwa sauti.

Umeona. Bado unapumua.