Tatu Niliyoifuta kwenye Programu ya Salum

Tandika, Alhamisi, Desemba 1998

Joto. Mvua za vuli zimeaga bila kupoza chochote, na feni ya kazini imeshinda ikizungusha hewa ileile. Lakini nimerudi nyumbani na furaha ya mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akaikuta usoni.

Nianze mwanzo, nisije nikasahau nilivyofika hapa.

Jumatatu Ustadhi Bakari alikuja dukani kwetu Magomeni, ninapochapa kadi za harusi na barua za watu. Mkononi alikuwa na flopi ya kompyuta, na ndani yake programu ya lugha ya C iliyoandikwa na mpwa wake, Salum, kabla hajaenda Maskati kutafuta maisha. Inatoa ratiba ya Ramadhani nzima, kuanzia alfajiri hadi isha. Kila mwaka Ustadhi huichapa, ikabandikwa misikitini na majikoni huku kwetu Temeke. Safari hii printa ya madrasa imekufa. Kwa hiyo alitaka programu ile ile ifanye kazi pande zote mbili: kwake, apate kuirekebisha mwenyewe mwezi ukiandama, na kwetu, tuichape.

Nikasema haina shida. Mdomo wangu huu!

Kumbe Salum hakukokotoa jua mwenyewe. Alitumia maktaba, yaani hesabu zilizoandikwa tayari na mtu mwingine. Unaiuliza jua la siku fulani mahali fulani linazama saa ngapi, nayo inakujibu. Kwenye kompyuta ya Ustadhi kuna toleo la zamani la maktaba hiyo, kwetu kuna jipya. Nilipojaribu tu, kompyuta yetu ikagoma. Toleo jipya linataka kuambiwa kitu kimoja zaidi: mahali hapo pamepishana na Greenwich kwa saa ngapi. Nikaandika tatu, maana ndivyo tulivyo, nayo ikakubali.

Magharibi ikatoka 3:27.

Nikaanza kuifuata hesabu mstari kwa mstari. Nikakuta kwamba Salum, baada ya kupokea jibu la maktaba, anatoa tatu. Hakuandika sababu hata neno moja. Sasa, Tanzania iko mbele ya Greenwich kwa saa tatu, siyo nyuma, na mtu wa mbele anajumlisha. Nikasema basi, kijana wa watu alichanganya kujumlisha na kutoa. Lakini kama alikosea, mbona watu wamefuturu kwa ratiba yake miaka yote hii na hakuna aliyelalamika? Swali hilo lilinifuata hadi kwenye beseni la kufulia. Nilikuwa nasugua shuka huku naihesabu ile tatu.

Jana nikachoka, nikaifuta. Ikatoka 6:27. Nikakumbuka kwamba juzi jua lilipokuwa linazama, saa ya kompyuta ilisema sita na nusu hivi. Nikashangilia kimoyomoyo na kuchapa karatasi moja ya mfano.

Leo asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nikaipeleka madrasa. Ustadhi alivaa miwani, akaipitia taratibu kwa kidole, kisha akasoma kwa sauti ya chini.

“Magharibi, saa sita na dakika ishirini na saba. Binti, tufuturu usiku wa manane?”

Nikajitetea kwamba hiyo ni sita ya kompyuta, sita ya jioni, mtu yeyote ataelewa. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Aliniambia karatasi hii inaning'inia jikoni kwa mtu anayekoroga uji, na mtu huyo haifai abuni saa. Akasema tukikosea, tutawaharibia watu funga, na wa kuulizwa mbele ya Mungu ni yeye aliyewapa. Mie mtu wa Same, niliyelelewa kanisani, sijawahi kufunga hata siku moja, nikajikuta nimeshika funga za watu wa Temeke mkononi. Niliogopa kweli.

Tukaijaribu kwenye kompyuta yake. Bila ile tatu, ya kwake ikasema 3:27. Kwa hiyo nilikuwa nimeharibu hata kule kulikokuwa kuzuri.

Nikainua macho ili nisimtazame. Ukutani kulikuwa na saa kubwa, mshale wake mfupi umelala kwenye nne. Yangu ya mkononi mshale ulikuwa kwenye kumi. Ili tu nibadilishe mazungumzo nikasema saa yenu nayo imeharibika.

Ustadhi akaitazama.

“Haijaharibika. Kwani sasa si saa nne?”

Ni saa nne! Saa nne asubuhi, kama watu wote wanavyosema. Mimi ndiye niliyezoea tangu utoto kuuona mshale kwenye kumi na kutamka nne, naondoa sita kichwani bila kujua kwamba naondoa. Ustadhi na wenzake wameamua saa yao iseme wanavyosema wao.

Salum hakukosea. Maktaba ya zamani ilimjibu kwa saa za Greenwich. Akajumlisha tatu apate za Dar, akatoa sita apate za Kiswahili, halafu kwa uvivu wetu sisi watu wa kompyuta akaandika kilichobaki: toa tatu. Toleo jipya ukiliambia tatu linajumlisha lenyewe, kwa hiyo kwetu inatakiwa kutolewa sita kamili. Nilicheka peke yangu mle madrasa mpaka Ustadhi akaniuliza kama nimekunywa chai.

Kuzipatanisha hakukuwa kugumu baada ya hapo. Toleo jipya limebeba namba yake ndani, la zamani halina namba kabisa. Nikaifundisha programu iulize kwanza: namba ipo? Ikiwepo, maktaba iambiwe tatu na ijumlishe yenyewe. Isipokuwepo, tunajumlisha sisi. Baada ya hapo njia ni moja, toa sita, kwenye mstari wake peke yake, na pembeni nimeandika kwa nini. Kwa Ustadhi ikatoka 12:27. Nikaenda Magomeni roho juu, nako ikatoka 12:27.

Bado sikuamini. Jioni nikasimama uani na karatasi niliyoichapa ya tarehe ya leo. Mawingu yalikuwa yamefunika jua, na muadhini wa msikiti wa jirani hafuati karatasi ya mtu, ana hesabu zake za miaka. Bi Mwanahawa, mwenye nyumba wangu, akaniuliza nasubiri nini. Nikamweleza.

“We Mkristo, magharibi inakuhusu nini?” akanitania, lakini akaacha kuchambua mchicha, akaja kusimama nami.

Nilikuwa natazama mshale wa dakika. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Ishirini na saba, na adhana bado. Nikaanza kutafuta kosa kichwani.

Adhana ikaanza.

Bi Mwanahawa akaichukua karatasi mkononi mwangu, akasogea mlangoni kwenye taa, akaisoma.

“Ya Ramadhani ikitoka, nibandikie jikoni,” akasema. “Mwaka huu nafungua kwa hii yako.”

Nilitaka kumwambia ni ya Salum, mie nimeongeza mistari michache tu. Badala yake nikaitikia kwa kichwa.

Sasa nipo kitandani na kuna jambo moja linanizungusha. Huko Maskati, mtu akimwuliza Salum saa njiani, anajibu ile anayoiona, au bado anatoa sita?