Mstari Nilioruka

Chilangala, Newala
Jumatano

Kaka Optatus,

Shikamoo. Naamini wifi na Yuliana hawajambo, na kazi ya maabara inakwenda. Sisi tunapumua, ila kusema tu wazima ni kukudanganya. Ningepiga simu, lakini Mama husikia hata mtu akimeza mate. Lukmani anapanda basi kesho, ndiye atakayekupa barua hii.

Tumeanza kufagia chini ya mikorosho. Juzi jirani yetu Petro aliinua jembe ampige kifutu aliyelala kwenye majani makavu, Mama akamzuia. Akaomba akamatwe mzima. Sasa nyoka yumo mtungini, uvunguni mwa kitanda cha Mama, na juu kuna jiwe la kusagia. Naogopa, kaka.

Jumatatu ndiyo siku yake ya kupasuliwa titi. Amekataa. Anasema mwanawe msomi ameandika kwamba sumu ya nyoka inaizuia saratani isisambae mwilini. Nilimleta hata katekista amsihi. Akatujibu kwa upole kwamba Jumapili akitoka kusali ataondoa jiwe, aingize mkono.

Kosa si lako wala la Mama. Ni langu. Siku namsomea barua yako kwa Kimakonde, nilifika pale uliposema protini za sumu zilizuia chembe za saratani kuhama. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu aambiwe ugonjwa wake. Mstari uliofuata ulisema ni kwenye vyombo vya maabara tu, bado si dawa, na kuumwa na nyoka ni kifo. Nikauruka, nikaenda kwenye salamu. Sasa nikimweleza, anasema woga wa nyoka unanifanya nizue maneno.

Leo alipokwenda kuchota maji, nilimimina maji ya moto mtungini. Kifutu amekufa. Jiwe nimelirudisha, na Mama hajui. Akigundua atatafuta mwingine, na Newala hii vifutu hawakosekani.

Njoo kabla ya Jumapili. Ukimpigia simu atadhani nimekupangia la kusema. Barua yako ameifunga kwenye pindo la khanga. Msomee mwenyewe, mpaka mwisho.

Msalimie wifi, umbebe Yuliana kwa niaba yangu. Mama naye anakusalimu sana. Ameniagiza nikuandikie kwamba anakushukuru kwa dawa.

Mdogo wako,
Dorika