Swali Lililovuka Bahari

Kikwe, 3 Machi 1912

Mpwa wangu Elisaria,

Pokea salamu zetu. Miili ni mizima, mioyo siyo. Watu wasiojulikana waliichoma kambi ya askari huko Nduruma, na askari wawili wakafa. Baba yako alikwenda bomani na jani la sale, kutoa pole na kutuliza hasira, kama ilivyo desturi. Bwana shauri, Mdachi mkuu wa boma, akaambiwa kwamba sale ni jani la kuombea msamaha. Akasema, "Basi amekiri." Sasa baba yako yumo kifungoni, na migomba ya ukoo imeamriwa ikatwe. Wewe ni karani wa serikali kuu. Sema nao.

Mjomba wako,
Thomasi


Daressalam, 30 Machi 1912

Shikamoo mjomba,

Mimi sijambo, sijui mama anaendeleaje. Nilimweleza mkuu wangu kwamba kwetu hata asiye na hatia hushika sale ili hasira ipoe. Akacheka: "Ninyi Wameru mna jani la kila jambo!" Hata hivyo, mjumbe mmoja wa Baraza la Wadachi huko Ulaya amesimama akauliza ushahidi uko wapi. Serikali imeahidi uchunguzi. Swali limeulizwa kwa usahihi. Naomba mvute subira.

Mpwa wako,
Elisaria


Kikwe, 2 Juni 1912

Mpwa wangu,

Afya yako kwanza. Natumaini ni njema. Usahihi wa swali hilo sina shaka nao. Mashoka hayakulingoja; migomba yote iko chini. Dada yangu Anyesi, mama yako, anauliza, "Hao wa Baraza wakisimama kusema, huketi lini?" Baba yako naye ametuma neno: "Mwambieni mwanangu nilibebeshwa mawe boma hili lilipojengwa, leo nimepewa chumba humo." Anakohoa. Atapelekwa Tanga kwa gari la moshi, afungwe huko mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi upi? Hakuna aliyekuja kutuuliza neno.

Mjomba wako


Tanga, 11 Julai 1912

Shikamoo mjomba,

Mpe mama pole kabla ya kumsomea barua hii. Serikali imelijibu Baraza kwamba mshtakiwa alikiri mwenyewe. Wajumbe wameridhika, wakaidhinisha kambi mpya Nduruma, ya mawe.

Niliomba ruhusa ya kuja kumpokea baba. Nilinyimwa, nimekuja. Ukarani umekwisha. Nimepanga chumba karibu na gereza.

Nilimkuta stesheni, mlangoni mwa behewa, na mnyororo miguuni. Akaniuliza Baraza limesemaje. Nikaanza kumfafanulia hoja moja baada ya nyingine. Akanikatiza: "Elisaria, hebu niwekee bega. Ngazi hii ni ndefu."

Nikamshusha. Amekuwa mwepesi mno, mjomba.

Mpwa wako