Jibu nililomwandikia Sifa

Alhamisi jioni

Na bado naliona jibu langu likielea ziwani kama karatasi, likigusa kila gati.

Nilidhani namjibu Sifa wa Nyunzu peke yake. Aliandika kwenye orodha ya barua pepe ya kundi letu la wasomaji, akiuliza nani yuko tayari, nami nikamwambia naogopa kuwasomea wenzetu hadithi yangu Jumamosi, maana sauti yangu hutetemeka. Nilibonyeza "jibu" tu. Likaenda kwa kundi zima.

Leo nilimfuata Papa Musafiri, anayeitunza orodha hiyo pale maktabani.

"Njo mimi niliipanga vile, jibu liende kwa wote," akakiri. "Nilitaka mazungumzo yasife."

Nikamwambia polepole kwamba jibu lirudi kwa aliyeandika. Likienda kwa mmoja kimakosa, unaweza kulituma tena kwa wote. Likienda kwa wote, hulirudishi.

"Weye mutoto unaogopa kusoma, lakini mimi unanifundisha?" Akacheka, kisha akaubadilisha mpangilio wa orodha mbele yangu.

Nilirudi nyumbani kama mtu anayetembea ndani ya maji. Nafurahi, ingawa kwangu mabadiliko yamechelewa.

Jumamosi nitasoma, angalau ukurasa wa kwanza. Wote wanajua tayari kwamba nitatetemeka. Basi nitatetemeka.