Shahidi wa Pensheni ya Injinia

Jumatatu, 4 Machi

Ukweli uandikwe hata kama hakuna atakayeusoma: leo serikali ya nchi nyingine imenihitaji mimi. Si waziri. Si profesa. Mimi.

Mambo yako hivi. Shemeji yangu Injinia — mgeni aliyeletwa kufunga pampu za maji, akamuoa dada yangu, akastaafu, akagoma kurudi kwao — alifariki mwezi wa kwanza. Pensheni yake ilikuwa inatoka huko kwao. Sasa imekatwa. Dada ni mke wa ndoa, ana haki ya kupata sehemu yake. Ila dada huko kwao Injinia hajawahi kufika hata kwa ndoto. Ofisi ya pensheni inasema mjane asiye raia wao atalipwa, mradi ithibitishwe kwamba mume na mke walikaa nyumba moja miaka mitano ya mwisho. Na kwenye kumbukumbu zao Injinia bado anakaa kwenye bweni la kampuni, kule kwenye pampu. Hakuwahi kubadilisha anwani. Mtu wa kupima bomba kwa milimita, anwani imemshinda!

Kwa hiyo wanataka shahidi, wamhoji kwa simu ya video. Dada akasema atamwomba Fundi Redio, jirani yetu. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Fundi Redio anaongea na nyaya kutwa nzima, ataongea nini na serikali? Nikamwambia dada, mimi nimewahi kusimamisha treni kwa maneno matupu. Akauliza treni ipi. Nikasema tusitoke kwenye mada.

Jioni nimerudi, mlango umefungwa. Nikagonga. Ufunguo wangu uko kwa fundi wa funguo, anauchonga upya.

Jumanne, 5 Machi

Fundi Redio kajitoa mwenyewe. Kumbe kahamia mtaa huu mwaka juzi tu, hiyo miaka mitano haijui. Nimebaki mimi. Dada akasema "Haya," akaangalia dari muda mrefu.

Binti yake, yule mpwa wangu wa duka la dawa, alipita kuninoa. "Mjomba, unajibu unachoulizwa. Basi. Usitie chumvi." Nikamwambia chumvi ni ya jikoni, mimi niko upande wa sheria.

Alasiri akaja mwenye nyumba kuulizia kodi. (Namwita mwenye nyumba kwa heshima tu.) Aliongea na dada barazani. Mimi nilikuwa chooni. Nilikaa huko mpaka nikasikia geti.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejaribu koti la Injinia. Mikono inafika kwenye vidole, lakini kwenye video hawaoni vidole. Mbele ya kioo nimefanya mazoezi ya kukaa kimya kabla ya kujibu. Watu wakubwa hujibu hivyo.

Dada kapita, kaniona na koti. Alinitengeneza kola.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya historia. Mpwa aliegemeza simu kwenye bakuli la sukari, mimi nikakaa kama picha ya pasipoti. Upande wa pili yupo bibi mwenye miwani ya kamba, huyo ndiye pensheni yenyewe. Pembeni yake mkalimani, mtu wa lugha yetu aliyehamia huko, sauti kama ana mafua. Wakasema wahusika watoke nje, shahidi abaki peke yake. Vizuri sana. Nyota haihitaji umati.

Wakaniuliza kama namfahamu marehemu. Nikakaa kimya kama nilivyofanya mazoezi. Mkalimani akauliza kama nimekatika. Nikasema, namfahamu? Mimi ndiye niliyemfundisha kuishi hapa!

Alikuwa anakaa wapi? Nikasema: kwangu. Lilinitoka lenyewe, na lilikaa vizuri mdomoni.

Na gharama za nyumba? Nikapiga kifua: mimi. Dada yangu nimemtunza tangu wazazi wetu walipofariki, hajui bei ya mkate. Halafu, ili wasidhani Injinia alikuwa mvivu, nikawaeleza tulivyokuwa tunazunguka milimani miezi na miezi kurekebisha pampu, mimi na yeye, hema moja, chui anatunusa miguu.

Mkalimani akauliza, chui? Nikamwambia tafsiri kama ulivyosikia.

Bibi wa pensheni aliandika sana. Mtu akiandika sana, ujue umemgusa. Nilipotoka nikawaambia akina dada: imekwisha hiyo. Mpwa akauliza nimesema nini. Nikamwambia mambo ya serikali hayasimuliwi barazani.

Nimelala na koti.

Jumanne, 12 Machi

Jibu limekuja. Mpwa alisoma akiwa amesimama, halafu akakaa, akasoma tena.

Wanasema: kwa maelezo ya shahidi, marehemu alikuwa akiishi nyumbani kwa shahidi, muda mwingi alikuwa safarini, na mkewe alikuwa akitunzwa na kaka yake. Kwa hiyo haionekani kwamba walikuwa wakiishi pamoja, wala kwamba mke alimtegemea mume. Shahidi atahojiwa tena Alhamisi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho, baada ya hapo wanaamua.

Mpwa akaniangalia. "Mjomba, umemwachanisha mama na mtu aliyekwisha kuzikwa."

Nikasema mkalimani yule ana mafua, hasikii vizuri.

"Na chui naye ana mafua?"

Nilingoja dada anifokee. Ningejua la kufanya. Hakufoka. Alikwenda kuchemsha chai, akatoa vikombe vitatu kama siku zote — chake, changu, cha Injinia. Akamimina vyote vitatu. Halafu akakumbuka. Chai ya kimoja akairudisha kwenye birika, polepole, bila kumwaga hata tone.

Chai sikuimaliza.

Jumatano, 13 Machi

Mwenye nyumba tena. Leo hakuulizia, alitangaza. Mwisho wa mwezi, kodi au nyumba tupu. Chooni kunasikika kila kitu.

Mpwa kasema isipotoka pensheni, mama atahamia kwake. Yeye mwenyewe amepanga chumba kimoja, juu ya duka la dawa. Watalala godoro moja, makabati yatauzwa, na meza ya Injinia, ile aliyoipigilia misumari mwenyewe ikawa inayumba miaka yote.

Nikauliza, na mimi je?

"Mjomba si una nyumba yako? Mpaka ng'ambo wanaijua."

Yule mtoto ana mdomo. Sijui kautoa wapi katika ukoo huu.

Baadaye dada alinikuta nimekaa kwenye ngazi za nyuma. Akakaa pembeni. Tangu utoto hajawahi kukaa pembeni yangu bila kuwa na kazi mkononi, leo hakuwa nayo. Akaniambia hataki niseme mazuri yake, wala mazuri ya Injinia. "Kesho waeleze habari ya mlango tu, mdogo wangu."

Nikajifanya sijui mlango upi.

"Unaujua," akasema, akainuka.

Alhamisi, 14 Machi

Sikuvaa koti. Dada kaninyooshea shati langu mwenyewe. Lina kiraka kwapani, ila kwenye video hawaoni kwapa.

Leo wamekubali dada na mpwa wakae chumba hiki, mradi wasiseme neno. Mpwa ameshika simu. Dada yuko karibu na dirisha, mikono mapajani.

Bibi wa pensheni alianza bila salamu ndefu. Nyumba ni ya nani? Nikasema ya kupanga. Nani alikuwa akilipa kodi? Nikasema Injinia. Chakula? Injinia. Na ile safari ya milimani? Nikasema tulikwenda mara moja, tukarudi jioni. Na chui? Nikasema alikuwa paka. Mkalimani kakohoa, safari hii nadhani alikuwa anacheka.

Ndipo bibi akavua miwani. Akauliza, mimi nitajuaje kwamba mume na mke walikuwa humo ndani pamoja, kila siku, miaka yote hiyo? Wewe umejuaje?

Nikafungua mdomo — picha ikaganda. Bibi kabaki kanyoosha kidole. Sauti ya mkalimani inasema subirini, mtandao, msikate. Tunasubiri. Dada hanitazami mimi, anatazama mlango. Mimi naandika haraka haraka hapa, nilizoee jambo lenyewe kabla ya kulisema.

Kwa sababu nakaa kwao. Chumba cha nyuma ya jiko, kile kilichokuwa stoo. Kila jioni nikirudi nagonga. Injinia anakuja na kandambili zake, anasimama nyuma ya mlango, anauliza "Nani?" kwa ile lafudhi yake. Na kabla sijajibu, dada anasema kutoka ndani, "Ni mdogo wangu, mfungulie." Jioni zote. Hakuna hata moja niliyogonga nikasikia sauti moja tu, mpaka mwezi wa kwanza mwaka huu.

Bibi anacheza cheza kwenye kioo cha simu. Picha inarudi.

Ufunguo hauko kwa fundi. Sijawahi kuwa nao. Sikuwahi hata kuuomba, niliogopa wataniambia nikatafute na nyumba yangu.