Kisu cha Kamba Iliyolowa

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Nimechaguliwa! Kamati ya uokoaji ya mtaa wetu wa Kihoto, kando ya ziwa, ina watu kumi na wanane, wanaume kumi na wanne, na kazi ya kuchagua kisu amepewa nani? Mimi. Wamuyu, mvuna maua. Naandika jina langu hapa kwa mwandiko mzuri ili nikizeeka nisidhani niliota.

Ilikuwa hivi. Mathenge, mwenyekiti wetu, alikuwa anasoma orodha ya vifaa vya dharura. Jaketi za kuelea zipo. Firimbi zipo, tochi zipo. Kisu hakuna. Basi wanaume wakaanza! Huyu anataka panga. Yule anataka kisu cha kijeshi, cheusi, ncha kama sindano, amekiona kwa simu. Mathenge mwenyewe alipima hewani kitu kirefu kama mkono wake. Nikasimama. Nikawauliza, ndani ya mashua ya Kosgei, maji yanayumba, watoto wamejaa, hiyo ncha itaelekea wapi? Nikasema tunataka kisu cha kukunja, kigumu, kinachofunguka kwa mkono mmoja. Mkono wa pili utakuwa umeshika mtu.

Kosgei, mwenye mashua, akacheka, akasema basi achague yeye. Mathenge akaandika. Tena akaongeza kwamba atakayekichagua ndiye atakayekibeba, na anayekibeba ndiye anayeshuka majini kwanza. Alidhani nitaogopa. Nikamwambia sawa, mwenyekiti.

Miaka kumi na tisa nakata waridi. Kama kuna mtu anayejua makali mtaa huu, ni mimi.

Jumapili, 7 Septemba

Natalie amenicheka mpaka akatoa machozi. Ati mama yake ameingia jeshi. Nikamwambia mwanajeshi anataka vyombo vioshwe. Lakini baadaye nilimsikia nje akiongea na rafiki yake wa chuo kwa simu: "Mathe wangu ndiye anabeba kisu ya kamati." Na hiyo sauti haikuwa ya kucheka. Nilijifanya sijasikia.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepata kisu! Hapa hapa Naivasha, sokoni.

Nilienda na mashina ya waridi, yale yanayotupwa kazini. Muuzaji akanipangia visu vitano vya kukunja, kisha akanitazama nikitoa maua kwenye kikapu. Uso wake! Nikakata shina moja kwa kila kisu, kwa mshazari, kama tunavyokata shambani, halafu nikachunguza kidonda. Kisu butu kinaponda. Shina likipondwa halinywi maji, ua linainama siku ya pili. Vinne viliponda. Cha tano kilipita kama nakata ndizi. Chembamba, kinang'aa, mpini wa mbao nyekundu.

Watu walisimama kuangalia. Muuzaji alisema hajawahi kuona mteja kama mimi. Ninaamini.

Jumamosi, 13 Septemba

Aibu.

Ngoja niandike yote. Majaribio yalikuwa ziwani. Kosgei alifunga mashua kwenye nguzo ya uzio uliozama, kwa kamba ya mkonge iliyolala majini tangu jana. Mimi nikashuka mpaka kiunoni, kamati nzima iko ukingoni. Nikakifungua kisu changu kizuri. Kikafika kwenye kamba, kikateleza. Nikarudia. Kikateleza. Yale makali laini hayana kitu cha kushika kwenye kamba iliyolowa. Nikakandamiza kwa hasira, kwa mikono yote miwili — loki ya kukishikilia wazi ikaachia, kisu kikajikunja juu ya kidole changu.

Nyuzi nne nimeshonwa. Mkono wa kushoto, kidole cha kati.

Mathenge hakucheka. Afadhali angecheka. Alinifunga kidole kwa leso yake, polepole, akasema, "Mama Natalie, hii kazi si ya maua."

Jumatatu, 15 Septemba

Sijaenda kazini kwa ajili ya kidole. Nimeshinda nyumbani, na mtu akishinda peke yake mambo hurudi.

Hili sijamwambia mtu, hata Natalie. Ng'ombe wangu Rozi hakuuawa na kiboko. Kiboko nilimtunga mimi. Mtaa wote unaamini, na mpaka leo wanashangaa kwa nini nilikataa kujaza fomu ya fidia ya wanyamapori. Ningejaza nini? Mwaka jana, mwezi wa tano, maji yalipotuingilia alfajiri, Rozi alikufa kwa sababu ya fundo langu.

Nilikuwa nimemfunga kwa mkonge, mara mbili, jinsi mama alivyonifunza nikiwa mdogo: funga, rudia. Mkonge ukilowa unavimba. Ng'ombe naye akiogopa anavuta. Fundo likawa jiwe. Nilitumia kucha. Nilitumia meno. Kisu cha jikoni kilikuwa ndani ya nyumba na nyumba ilikuwa ndani ya maji. Miaka yote hiyo ya kukata, na asubuhi ile sikuwa na chuma chochote mkononi! Maji yalinifika kifuani, yeye shingoni. Kisha akaacha kuvuta, akasimama tu, ananiangalia. Natalie alikuwa juu ya bati ananiita. Nikaondoka.

Kwa hivyo hapana. Hii kazi ya kisu sirudishi. Wacha waseme.

Jumamosi, 20 Septemba

Nakuru. Kosgei aliniambia kuna duka la vifaa la mzee Gurdial Singh, na kwamba niende na subira. Alijua anachosema.

Mzee mwenye kilemba cha bluu, ndevu nyeupe, Kiswahili chake kinateleza kuliko changu. Nikaanza kumweleza habari ya mashina — ndiyo, nilikuwa nimeyabeba tena! Akanikatiza kwa adabu.

"Mama, unaenda kukata nini?"

Kamba, nikasema.

"Na iko wapi?"

Sikuwa nayo. Akanituma sokoni nikatafute kamba kama ile ile. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nikaenda. Niliporudi akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaiacha humo, akaagiza chai. Tulikunywa chai tukingoja kamba ilowe! Ndipo akatoa visu. Kabla sijagusa hata kimoja alinimiminia sabuni ya maji mikononi, akasema nifungue kwa mkono mmoja, wa kulia tu, bila kuangalia.

Cha kwanza kilinitoka kikaanguka. Cha pili hakikufunguka. Cha tatu kilifunguka, lakini mzee alikigeuza, akakigonga mgongo kwenye ubao, kikajikunja. Akakitupa kando. Nilikiangalia kidole changu.

Cha nne! Kina tundu kubwa ubavuni, kidole gumba kinaingia chenyewe. Urefu wa vidole vinne. Chuma kisichoshika kutu. Nusu ya makali ni laini, nusu ina meno kama msumeno. Ncha butu, hata mashua ikiyumba haimchomi mtu wala mnyama. Mpini wa mpira, rangi ya chungwa ya kuumiza macho, ukianguka kwenye matope unaonekana. Mzee alikigonga mgongo mara tatu, loki haikutikisika. Nikakata kamba iliyolowa: mara nne, ikaachia.

Uzuri hakina hata kidogo. Nimekipenda.

Alipoinama kutafuta kamba ya kukivalia shingoni niliona kisu kidogo ndani ya ala, chini ya koti lake. Mdomo wangu huu — nikauliza. Hakukasirika. Ni cha dini yao, alisema, amekivaa tangu akiwa na miaka kumi na sita na hajawahi kuhitaji kukichomoa.

"Na bado unavaa?"

"Na bado navaa."

Nilimwachia waridi zangu kwenye kikombe cha chai, pale juu ya kaunta.

Jumapili, 21 Septemba

Supamaketi leo. Kile kifaa cha askari mlangoni kikalia. Akaniambia niache kisu mezani kwake, anipe namba, nitakichukua nikitoka. Nikamwambia hiki hakiachwi na mtu. Akasema kila mtu huacha. Nikageuka nikaenda zangu.

Tumekunywa chai bila sukari. Natalie anauliza kama pia nitalala nacho. Kiko chini ya mto.

Jumamosi, 27 Septemba

Leo niandike bila haya: NAJIVUNIA!

Nguzo ile ile, kamba ya aina ile ile, kamati ile ile ukingoni. Nilishuka, nikapiga mbizi nusu, nikakata chini ya maji bila kuona. Mara nne! Mashua ikaachia ikaelea, Kosgei karibu aanguke. Walipiga makofi. Mwanamume aliyetaka panga aliomba akishike kidogo. Nikakataa. Mathenge naye akanyoosha mkono, mwenyekiti mzima. Nikakikunja, nikakitia ndani ya blauzi. Nikamkumbusha sheria yake mwenyewe, kwamba aliyekichagua ndiye anayekibeba. Pengine nilizidi. Acha nizidi siku moja.

Tukakubaliana kuhusu firimbi: mara moja ni kwamba mashua imefika, mara mbili ni kwamba inarudi.

Halafu nikawaambia wenye mifugo wafunge fundo la kuvuta, lile linalofunguka ukivuta ncha, mpaka mvua ziishe. Mathenge akasema yeye amefunga ng'ombe tangu hajaota meno ya pili na fundo ni mara mbili, basi, la kuvuta ni la wageni. Wakacheka. Wakaningojea nijibu.

Ningesema. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikamuona Natalie na simu yake, ananipiga picha, amejaa furaha, nikanyamaza.

Jumatano, 8 Oktoba

Ziwa linapanda. Kijiti nilichochomeka jana leo hakionekani. Watu wa nyumba za mstari wa kwanza wamehama. Daftari hili nimelitia kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko.

Jumanne, 14 Oktoba

Naandika uwanjani, kwenye shule iliyo mahali pa juu. Adhuhuri imepita. Natalie alileta kopo na vitu vyetu mapema, sasa yuko jikoni ya shule anapika uji. Nimelowa mpaka kwenye mifupa.

Maji yaliingia mstari wa pili kabla ya jua kutoka. Tumetoa watu tangu saa kumi na mbili, safari baada ya safari, Mathenge ndiye anaita majina, anabeba wazee mgongoni. Safari ya tano hakuonekana. Kosgei akageuza mashua kwenda kwake.

Alikuwa nyuma ya nyumba yake. Alikuwa ametuokoa wote, akaacha chake kiwe cha mwisho. Ng'ombe wake, yule mweupe mwenye doa, amefungwa kwenye nguzo, maji yanampiga taya. Na Mathenge ameinamisha kichwa majini, anavuta fundo kwa meno. Alipoinuka mdomo ulikuwa na damu.

Nilishuka kwanza, kama sheria inavyosema. Sijui kama ni ujasiri. Nilimuona Rozi, basi. Maji ya kahawia, kamba haionekani, ng'ombe anarusha kichwa. Kidole gumba kikapata tundu. Kisu kikafunguka. Meno yakashika. Nilihesabu: moja, mbili, tatu, nne — bado — tano. Kamba ikaachia mkononi mwangu, na ng'ombe akatupita sote wawili akaelekea mahali pa juu kana kwamba hajawahi kutuona!

Tulimfikia kwenye barabara. Mathenge ameshika kiti cha mashua, hajaniangalia.

"Nilifunga mara mbili," akasema.

Ningeweza kunyamaza tena. Hakuna aliyeuliza. Kosgei alikuwa hapo, anasikia.

"Hata mimi," nikamwambia. "Rozi hakuuawa na kiboko, mwenyekiti. Ni fundo langu. Nilijua, na nikaacha mnicheke ile siku."

Kosgei alitazama makasia yake. Mathenge akachota maji kwa kiganja, akanawa damu mdomoni, akaitikia kwa kichwa mara moja tu, kama mtu aliyepewa hesabu yake na kuiona ni sawa. Tukamleta ng'ombe mpaka hapa.

Halafu habari ikaja: kwa jirani yetu Nekoye mbuzi wanne na ndama wamefungwa kwenye kibanda, na Nekoye mwenyewe amekataa kuondoka bila wao. Nikainuka. Kosgei akasema pale maji yatanipita kichwa. Ni kweli, pale ni bondeni na mimi ni mfupi. Mathenge ni mrefu. Akanyoosha mkono kama siku ile ukingoni, lakini safari hii hakuwa na lile tabasamu la mwenyekiti.

Kisu ambacho sikumwachia askari! Nilikitoa ndani ya blauzi. Nikamvisha shingoni kwa mikono yangu, nikashika kidole chake gumba nikakiingiza kwenye tundu ili akijue bila kuona. Nikamwambia akate kuelekea nje, kwa upande wenye meno, asikandamize. Akasema, "Sawa, Mama Natalie." Wakaenda.

Hiyo ilikuwa kitambo.

Waliniachia ng'ombe. Nilimpeleka kwenye nguzo ya goli nimfunge nipate kuandika. Mikono yangu ikafunga yenyewe, ikarudia. Nikasimama nikaliangalia lile fundo. Mara mbili! Baada ya yote haya! Nikalifungua kabla halijakaza, na kucha zangu zikaniuma kwa kumbukumbu.

Kwa hivyo sikumfunga kabisa. Naandika kwa mkono mmoja, daftari liko gotini. Wa pili, wenye kidole cha kushonwa, umeshika kamba.

Firimbi imelia. Mara moja. Wamefika kwa Nekoye.

Natalie ameniitia uji. Nimemwambia ngoja. Mvua inaanza tena upande wa ziwa, ng'ombe amesimamisha masikio, anavuta. Namlegezea kidogo. Simwachii.