Bafta Yenye Pindo

Jumatatu, 4 Rajabu

Machela sita tangu asubuhi. Wapagazi wa bara huwatua majeruhi wa vita hapa kituoni, nusu siku kutoka Kilwa Kivinje, na wapagazi wa pwani huwapokea kuwapeleka hospitali. Watu hawatoshi, machela mbili tu huondoka kwa safari moja. Kazi yangu ni kuandika majina na kuamua nani atangulie. Nilichaguliwa kwa ajili ya mwandiko wangu. Habari za damu sikufundishwa na mtu.

Leo nimekosea. Nimemtanguliza aliyepiga kelele. Aliyenyamaza, mpagazi mwenye jeraha la paja, alikuwa amefungwa kaniki. Kaniki ni nyeusi. Niliitazama nikaiona kavu. Nilipoigusa ilikuwa imeloa chepechepe, na mwenyewe amekwisha kufa.

Nimeudhika na kaniki, na wapagazi, na nafsi yangu zaidi.

Jumatano, 6 Rajabu

Nimemwandikia Bwana Daktari. Nakala ya tatu ndiyo iliyonyooka: "Kwa heshima na taadhima naomba majora mawili ya bafta nyeupe, ili damu imtokayo majeruhi ionekane kabla mwenyewe hajaishiwa nayo." Sentensi hiyo naipenda.

Pia nimejiandikia dalili. Mwili wa baridi penye jua. Jasho. Kiu isiyokatika. Miayo. Mapigo ya mkono membamba, ya haraka. Anayetukana anaweza kungoja.

Ijumaa, 8 Rajabu

Bafta imefika, pamoja na jibu la Bwana Daktari. Nilishukuru mapema mno.

Nassoro, mnyapara wa wapagazi wa bara, amekataa hata kuigusa. "Bwana karani, mtu bado anaomba maji, nawe umeshamletea sanda?" Wenzake wakacheka, kisha wakaacha. Majeruhi mwenyewe, asiyeweza kuinua shingo, alipata nguvu za kuitupa chini. Wakamfunga kaniki.

Nimewasomea jibu la Bwana Daktari mara mbili. Halikufaa kitu. Baba nimemzika, mama nimemzika, wote kwa bafta. Sikulifikiri. Barua nzuri, mwandishi mpumbavu.

Jumapili, 10 Rajabu

Habari mbaya. Shemeji Mshamu, kaka wa mke wangu, aliyechukuliwa upagazi bila hiari, amechomwa mkuki ubavuni huko Matumbi. Nassoro ndiye anayemleta, atafika keshokutwa. Kwa kaniki, bila shaka.

Mke wangu Mwanahawa hupika hapa kituoni. Nimemweleza yote, na habari ya bafta pia. Hakulia. Ameomba sindano. "Sanda haishonwi," akasema. "Ukiipinda pande zote, ni nguo ya mtu hai."

Siku nne nimehangaika na taadhima, na jibu lilikuwa jikoni. Nimeketi nimsaidie. Mishono yangu imekwenda upogo. Ameifumua, akaishona upya.

Jumanne, 12 Rajabu

Wamefika kabla ya adhuhuri. Nassoro aliichukua bafta, akalipapasa pindo kwa kidole gumba pande zote nne. "Hii nguo," akasema. Akamfunga Mshamu mwenyewe.

Mshamu alinitukana mimi na aliyeisuka machela. Nikafarijika. Nikamwandika wa nne, kwa haki.

Haukupita muda akanyamaza. Akapiga miayo. Nikatazama: wekundu umetokeza kwenye bafta, upana wa kiganja, kisha wa sahani. Chini ya kaniki nisingejua. Nikakandamiza kwa ngumi zote mbili, Nassoro akafunga kitambaa cha pili juu ya kile, tukakaza. Nikamwandika wa kwanza.

Ndugu wa aliyekuwa wa kwanza akauliza kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Ni wa kwanza kwa jeraha, au kwa dada yake?" Swali la haki. Limeniuma vibaya. Nikamwonyesha ile bafta. Aliitazama, kisha akaishika machela ya Mshamu upande wa kichwani, naye si mpagazi.

Wameondoka mbio. Mwandiko huu ni aibu.

Ijumaa, 15 Rajabu

Mshamu yu hai. Amekunywa uji, akalalamika kuwa ni mwepesi. Vile vitambaa vimerudishwa, vimefuliwa. Doa halikutoka lote.

Nimemwandikia Bwana Daktari: "Naomba sindano na uzi." Nikatia sahihi, basi.

Mwanahawa anapinda. Mimi namkatia uzi.